Elfu moja ya nani? Jumamosi niliyojifunza kuruka upya kwenye simyuleta

Miaka kama mitatu hivi mimi nilikuwa mtu wa ndege kubwa tu. Nikiwasha simyuleta, ile programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, ni Airbus, napanda mpaka futi 35,000, otopailoti (mtambo wa ndege kujiendesha yenyewe) inashika, mi naenda kuosha vyombo na kuoga, narudi baada ya saa mbili nashusha ndege, natua, naenda kulala. Nilikuwa najiona rubani kabisa yani. Sasa jamaa mmoja akanivuta kwenye kikundi chao, watu tisa wanaokutana Jumamosi usiku, wanavaa hedifoni na kuruka pamoja na vindege vidogo chini chini huku wakiangalia mandhari, na mi nikakubali kwa dharau flani, kama mtu mzima aliyeombwa acheze kombolela na watoto.

Safari yangu ya kwanza nao ilikuwa pwani ya kusini ya Uingereza. Mnaanzia uwanja wa Lydd, pale karibu na rasi ya Dungeness, mnafata ukingo wa bahari kwenda magharibi, mnapita Beachy Head, Brighton, kisiwa cha Wight, mpaka Durdle Door, halafu mnaacha bahari mnaingia mashambani na kumalizia kwenye kiwanja cha nyasi kinaitwa Compton Abbas. Ukijumlisha yote ni maili za baharini 160 hivi. Kwa Cessna 172 inayotembea noti 100, yani kama kilometa 185 kwa saa, ni saa moja na dakika arobaini kama hamna anayepotea. Sisi tulitumia karibu saa tatu, na sababu kubwa ya hizo saa tatu ni huyu anayeandika hapa.

Sheria za msafara zilikuwa chache. Aina moja ya ndege kwa wote, hali ya hewa iwe ile halisi ya muda huo, otopailoti marufuku, na GPS izimwe. Hiyo ya GPS nikaona ni utoto. Mzee anayeongoza msafara akasema tu, "Kijana, dirisha unalo, litumie."

Haya, tukajipanga Lydd. Lydd iko kwenye tambarare la kinamasi, nchi bapa kama meza, uwanja wenyewe uko futi 13 tu juu ya bahari. Nimekaa pale injini inanguruma nasubiri zamu yangu, nikaangalia altimita, kile kipimo cha kimo, ikaniambia niko futi mia nne na kitu. Niko chini, tairi ziko kwenye lami, bahari naiona kwa jicho, na mshale unasema mia nne sitini hivi. Na mimi, rubani wa Airbus, nikajisemea kumbe huu uwanja uko juu. Nikapaa.

Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu akishike kwenye haya maelezo yote ni hapo, maana ndege ilishaniambia ukweli kabla sijaondoka, ila mi nilichagua kuamini mshale nikaacha kuamini macho.

Tukaruka vizuri kupita Hastings, mi ni wa mwisho kwenye foleni, tumekubaliana futi 1,000 kila mtu, nafasi ya kilometa moja kati ya ndege na ndege. Nimeshika 1,000 yangu barabara, sindano haitikisiki, najisifu moyoni. Ila wenzangu naona wako juu. Mwanzo kidogo, baadae nikawa nawaona matumbo. Nikadhani wanapanda bila kusema, nikakasirika kabisa kwamba watu hawana nidhamu. Halafu Beachy Head ikaanza kukua mbele yangu.

Kwa ambaye hajaiona, ni jabali jeupe la chaki, linashuka wima baharini, kimo chake mita 162, yani futi 531. Chini yake majini kuna mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, mita 43, na ukiwa juu unaonekana kama kijiti cha kuchezea. Mimi ule mnara haukuonekana kijiti hata kidogo. Na nilipogeuza macho kulia nikaona majani. Majani ya juu ya jabali, yale wanayotembea watu, yako usawa wa dirisha langu.

"Wa mwisho huko, mbona uko chini hivyo?"

"Niko elfu moja mzee."

"Elfu moja ya nani?"

Kimya. Afu akaniuliza taratibu kama mtu anaemuuliza mtoto amefunga kamba za viatu au la, "Presha umeweka ngapi?" Nikaangalia. 1013. Siku hiyo presha ya eneo lile ilikuwa 996.

Nilikata kushoto kuelekea baharini nusura nipinduke, na nikiwa natetemeka mikono (kwenye kiti cha nyumbani, mbele ya kompyuta, ndo ujue) mzee akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua miaka mitatu nyuma. Altimita haijui ardhi iko wapi. Ni kipimo cha presha ya hewa tu, inachukua presha inayoisikia inaigeuza kuwa futi kwa kulinganisha na ile namba uliyoiwekea wewe. Ukikosea hektopaskali moja, yani namba moja ya hiyo presha, umekosea kama futi 27 au 28. Mi nilikosea 17, zidisha mwenyewe. Nilikuwa nasoma 1,000 wakati niko kama 530, yani nimelingana kimo na jabali. Na zile mia nne sitini za pale Lydd ndo kosa lile lile, lilikuwa limeandikwa mbele yangu tangu mwanzo wa safari.

Kwanini sikujua? Kwa sababu ya ndege kubwa. Huko juu marubani wote mnaweka 1013 ili mtumie kipimo kimoja msigongane, na kukosea futi mia nne ukiwa futi 35,000 katikati ya bahari hakukugongi na chochote. Wakati wa kushuka nilikuwa nabonyeza kitufe kimoja simyuleta inaniwekea presha yenyewe. Sikuwahi kujua kitufe kile kinafanya nini. Nilikuwa nabonyeza kama mtu anavyosema amina.

Baada ya hapo nikanyamaza, nikawa mwanafunzi. Juu ya jabali kuna mnara mwingine wa zamani, Belle Tout, dada mmoja kwenye kikundi akatusimulia kwamba mwaka 1999 waliunyanyua mzima mzima wakausogeza nyuma mita 17 kwa sababu bahari inalamba chaki na ukingo ulikuwa unaufata. Jengo zima. Nikauangalia kwa heshima. Halafu yakaja yale majabali ya Seven Sisters, vilele vinapanda na kushuka kama pindo la kanga kwenye upepo, na ikaanza kesi kubwa kwenye hedifoni maana jina linasema dada saba na mi nilihesabu nane. Mwingine saba. Mwingine nane. Tukazunguka kurudi kuhesabu upya. Tuligeuza msafara mzima wa ndege tisa kwa ajili ya kuhesabu vilima, na hakuna aliyeona ni ajabu, na hapo ndo nilianza kuwaelewa hawa watu. Mi bado nasema nane.

Kitu kingine nilichokiona hapo ni namna ya kuongea. Nilikuwa nasema "niko kushoto" na watu wananiuliza kushoto kwa nani. Kwenye geuza geuza ile ya Seven Sisters mimi na jamaa mmoja tulipishana karibu sana kwa sababu wote tulisema "niko nyuma yenu". Wenyewe wanasema hivi, kwa mfano, juu ya mnara wa Belle Tout, futi 1,200, naelekea magharibi. Mahali, kimo, uelekeo, basi, kaa kimya mwachie mwingine maiki. Inasikika kama kujifanya ila jaribu kuwa watu tisa kwenye hewa moja bila hiyo, hasa intaneti ikilegea, ndege ya mwenzako inaruka kama chura, sekunde hii iko mbele yako sekunde inayofuata iko ubavuni. Ukingoja umwone ndo ukwepe umechelewa.

Brighton nitaipita haraka, majengo mengi, gati, picha nzuri, twende.

Kisiwa cha Wight tulikipita upande wa kusini, na kwenye ncha yake ya magharibi ndo kuna The Needles, nguzo tatu za chaki zimesimama majini kama meno ya mzee, na mwishoni mnara wa taa wa mwaka 1859 ambao juu yake wameweka kiwanja cha helikopta. Hapo kompyuta ya yule dada ikaganda. Ikabidi aiwashe upya, na simyuleta inavyochukua muda kupakia kila mtu anajua, kwa hiyo mzee akasema tunamsubiri, tuzunguke mnara.

Nikasema moyoni dakika ishirini za kuzunguka mnara, si bora angetukuta mbele? Ila kuzunguka mnara ndo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya usiku ule. Upepo ulikuwa noti 20 kutoka kusini-magharibi. Ndege inaenda noti 100 hewani, lakini ukiwa na upepo mgongoni unapita juu ya maji kwa noti 120, na ukiukabili unatambaa kwa 80. Sasa ukilaza bawa kiasi kile kile mzunguko mzima unachora yai, na yai lenyewe linahama. Mzunguko wa kwanza mnara ulikuwa chini ya bawa langu la kushoto, mzunguko wa tatu mnara sijui uko wapi na mbele yangu kuna jabali. Siri ni kulaza bawa sana pale upepo unapokusukuma na kulinyanyua kidogo kidogo unapougeukia, na hakuna saa ya kuangalia vipimo vya ndani, ukiangalia ndani tu umeshahama. Kufika mzunguko wa nane hivi nikaanza kuusikia upepo. Sijui nisemeje, kiti changu hakitikisiki, feni ya kompyuta ndo upepo pekee chumbani, lakini mkono ulikuwa unajua upepo uko wapi. Kwenye Airbus namba ya upepo ilikuwa imeandikwa kwenye skrini miaka yote na sikuwahi kuusikia hata siku moja.

Dada akarudi akaomba radhi, nikamwambia dada usijali, na nilikuwa namaanisha.

Wakati tunazunguka mzee alikuwa anapiga stori. Hizo nguzo zinaitwa sindano na hamna hata moja inayofanana na sindano, kwa sababu ile iliyofanana na sindano, iliitwa Mke wa Lutu, ilianguka kwa dhoruba mwaka 1764. Ukitazama magharibi, ng'ambo ya maji, unaona doa jeupe, hilo ni Old Harry Rocks, na zamani za kale huu ulikuwa mgongo mmoja wa chaki kutoka huku mpaka kule kabla bahari haijaukata katikati. Na Old Harry naye alikuwa na nguzo jirani waliyoiita mke wake, ikaanguka mwaka 1896. Jamaa mmoja akasema pwani hii haina bahati na wake. Tukavuka maili 13 za maji tunacheka.

Durdle Door ndo kila mtu alikuwa anaisubiri, lile tao la mawe lililotoboka likaingia baharini. Nikafika, nikatafuta tundu, hamna tundu. Kwangu ilikuwa ukuta wa mawe umepakwa picha ya tao, kama turubai la studio ya picha. Nikiwa bado nashangaa, jamaa akasema kwenye hedifoni "napita katikati", na nikamwona kwa macho yangu, Cessna nyeupe inaenda moja kwa moja kwenye jiwe, inaingia kwenye jiwe, inatokea upande wa pili inapepea mabawa. Nilipiga kelele mpaka nikaamsha watu ndani.

Kumbe ardhi ya simyuleta nyingi ni kama shuka lililotandikwa juu ya vilima, kila sehemu ina kimo kimoja tu, na shuka haliwezi kuwa na tundu ubavuni. Tao lazima mtu alijenge kama kitu cha pembeni aliweke. Jamaa alikuwa amepakua hiyo mandhari ya ziada, mi sikuwa nayo. Kwa hiyo tunaruka pamoja, ila kila mmoja ana dunia yake kidogo. Hilo lilinikaa kichwani, na litarudi.

Sasa mashambani. Hapa niseme ukweli, pwani inakudekeza. Ina mstari, ufate tu, bahari kushoto nchi kulia, hata mlevi anafika. Ukiiacha ukaingia bara unakutana na shamba la kijani limezungushiwa ua wa miti, na shamba la kijani limezungushiwa ua wa miti, mpaka upeo wa macho. Mzee akasema kila mtu atafute mwenyewe lile jitu la Cerne Abbas, mchoro wa mtu aliye uchi, mwenye rungu, umechorwa kwa chaki kwenye mteremko, urefu mita 55. Kutoka Durdle Door ni maili 14 hivi, uelekeo nyuzi 327 kwenye dira, kwa noti 100 ni dakika nane na kidogo. Nikaanzisha saa, nikashika 327 kama mtoto wa shule mwenye adabu, dakika nane zikaisha, nikaangalia chini. Kondoo, labda. Jitu hamna.

Nikazunguka, hamna. Nikasikia mmoja mmoja wanasema wameliona, sauti za furaha, na mimi nazunguka juu ya kijiji ambacho hata sikijui. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha GPS, nakiri. Ila kabla sijabonyeza nikakumbuka mnara. Upepo. Noti 20 kutoka kushoto kwangu, dakika nane, hizo ni maili karibu tatu nimesukumwa kulia nikiwa nimeshika uelekeo wangu kwa uaminifu mkubwa. Nikageuka kushoto, nikaukabili upepo, nikahesabu dakika mbili kwa sababu sasa natambaa. Kwanza nikaona barabara kwenye bonde. Halafu kijiji. Halafu kwenye mteremko pale juu doa la mistari lenye ukungu ukungu, maana picha za setilaiti pale si kali sana, na huwezi kulitambua kama hujui unatafuta nini. Lilikuwa baya kwa kweli. Sijawahi kufurahia kitu kibaya namna ile. Nikatangaza, juu ya jitu, futi 1,500, naelekea mashariki, na wakanishangilia wote wanane.

Kufika Compton Abbas wenzangu walishatua wote wamepanga ndege kwenye majani, wamezima injini, wanatazama. Hiyo ndo mbaya zaidi, kutua mbele ya watu wasio na kazi nyingine. Nimeweka presha sawa safari hii, nimeangalia mara tatu. Nikashuka taratibu mpaka futi 1,000, nikijua sasa nina nafasi nzuri tu ya kujipanga. Miti ikawa mikubwa. Miti ikawa mikubwa sana.

"Kijana," mzee akaita, "uko ngapi?"

"Elfu mo..." na sikumaliza, maana nilijua anachokuja kuuliza. Kiwanja kile kiko juu ya kilima, futi 811 kutoka usawa wa bahari. Elfu moja yangu safari hii ilikuwa ya kweli kabisa, elfu moja ya bahari, na bahari iko mbali huko nyuma ya vilima. Kutoka kwenye nyasi nilikuwa na futi mia mbili kasoro. Nikasukuma injini mpaka mwisho, nikapita juu ya vichwa vya ndege zao wote wakipiga yowe, nikapanda kuzunguka upya.

Mara ya pili sikuangalia altimita. Niliangalia kiwanja, jinsi kinavyokaa kwenye kioo, kikilala bapa niko chini mno, kikisimama niko juu mno. Upepo wa kushoto nikaulalia kidogo na bawa. Tairi ya kushoto iligusa kwanza, ikaruka, ikagusa tena, ndege ikayumba yumba kwenye nyasi kama mkokoteni, ikatulia. Nikajisogeza mpaka mwisho wa mstari wao, nikaegesha pembeni ya yule jamaa wa kupita kwenye jiwe, sawa sawa kabisa, bawa kwa bawa, nikazima injini.

"Umetua vizuri kaka," akaniambia, "ila huku kwangu umezama kwenye majani mpaka madirishani."

Nikamwangalia yeye kwenye skrini yangu. Alikuwa anaelea mita moja hewani, mlango wazi.